Nilitamani Kile Kifaa Kilie

Uchovu wenyewe ulianza taratibu. Kila nikirudi Bukoba kutoka Mwanza, kichwa kinagonga, miguu mizito, na nikifika nyumbani Bilele najitupa kitandani na viatu vyangu. Mke wangu akasema ni umri. Nikamjibu kwa hasira, "Umri gani? Ile ndege ndiyo inayonimaliza!" Kauli hiyo niliishikilia kwelikweli.

Ndege ni ya viti vinne, injini moja, mali ya mfanyabiashara wa hapa mjini, na rubani wake ni mimi peke yangu. Hita yake inavuta hewa inayopashwa moto na bomba la moshi la injini. Bomba likipata ufa, kaboni monoksaidi inaingia ndani tulimokaa. Haina rangi wala harufu. Ni hewa ileile ya jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa, inayowalaza watu wasiamke tena. Na mimi nabeba wagonjwa. Siku moja mnara wa kuongozea ndege wa Mwanza uliniita kwenye redio, ukaniita tena na tena, ndipo nikaitika, na nyuma yangu alikuwa amelala mama mjamzito kutoka Muleba. Hapo niliogopa.

Nikaenda kwa bosi kudai kifaa cha kutambua hewa hiyo. Bosi ni kijana, ananiita mzee, na kutoa hela kwake ni shughuli. Akanipa kikadi chenye doa katikati.

"Hiki hapa, mzee. Doa likigeuka jeusi, ujue mambo yameharibika."

"Nani atakikodolea macho? Niangalie mawingu au niangalie doa?"

Akaleta kingine, cha kutundika ukutani nyumbani. Nikasoma maelezo yake: hewa ikiwa kidogo, kinanyamaza muda mrefu kabla ya kulia. Nyumbani sawa, unafungua mlango unatoka. Angani utatokea wapi? Tena nikishavaa hedifoni, hata kikipiga kelele sikisikii. Nikamwambia nataka cha marubani, chenye namba zinazoonekana hata hewa ikiwa kidogo, na taa kali ya kunimulika usoni. Tulibishana mpaka nikachoka.

"Mzee, wewe nawe una mambo," akasema, lakini akaagiza.

Kilipofika nilikijaribu jikoni kwetu. Nikakisogeza juu ya jiko la mkaa, mke wangu akiwa anapika ndizi. Baada ya muda kikawaka na kulia mpaka akaruka.

"Waitu! Kitoe hicho, kitanipasua moyo!"

Nilicheka, nami sikuwa nimecheka kwa muda mrefu. Kumbe kinafanya kazi. Sasa tungejua mbaya ni nani.

Niliruka nacho bila abiria, nimekibandika mbele yangu. Hita nikaiwasha. Kikasoma sifuri. Tukaingia juu ya ziwa, sifuri. Nikafungua hita mpaka mwisho, jasho likanitiririka mgongoni, sifuri. Nikakigonga kwa kidole.

"Lia basi," nikakiambia. "Lia, wewe!"

Wakati wa kurudi, migomba ya Muleba ikianza kuonekana upande wa kushoto, kichwa kikaanza kugonga vilevile. Miguu ikawa mizito vilevile. Namba haikusogea. Machozi yakanitoka, siwafichi. Niliomba sumu, jamani. Nilikuwa mtu mzima angani naomba nionekane nimevuta sumu, maana bomba lenye ufa fundi angelibadilisha, na mimi ningeendelea na kazi yangu.

Nilipotua, bosi alikuwa ananisubiri pembeni ya uwanja.

"Enhe, mzee? Kimelia?"

"Hakijalia."

"Si nilikwambia! Ndege nzima kabisa hii, unanisumbua bure." Akanipiga bega, furaha tele. "Basi kesho asubuhi kuna mgonjwa anatokea Rubya, wa kwenda Mwanza. Usichelewe."

Nikatoa funguo za ndege, nikampa.

"Mtafutie rubani mwingine."

Akacheka. Amezoea utani wangu. Akanirudishia funguo mkononi, akaanza kuondoka huku bado anacheka. Nikamfuata, nikamshika mkono, nikamtumbukizia funguo kwenye mfuko wa shati.

"Ndege yako haina kitu, bosi," nikasema. "Ni mimi niliyekwisha."