Shahidi wa Kila Dansi

Mwenye bucha pale Soko la Burma hajawahi kukosa dansi, muulize mwenyewe. Bendi ikipiga kona yoyote ya Nairobi, yeye huwa mbele kabisa, karibu ampanguse mpiga solo jasho, ingawa Mulwa, dereva wa lori, humkuta kila Jumamosi usiku palepale buchani akikata mbavu za mbuzi. Akisimulia, panga lake hupiga ngoma juu ya gogo na vipande vya mifupa huwarukia wateja. Hakuna anayelalamika, maana msikilizaji mzuri huongezewa ini.

Jana ilikuwa zamu ya kisa cha bendi ya Zaire, kile cha dansi la Pasaka. “Waya wa gitaa ulikatika, jamaa akaendelea na zilizobaki! Watu walilia!” Wateja wakaitikia, mmoja akakumbuka hata shati la mpigaji, jekundu. Mulwa akashindwa kuvumilia. Pasaka hiyo alikaa ukumbini na tiketi yake mpaka wakatangaziwa kwamba gari la bendi limekwama njiani, kila mtu arudi kwao.

“Lakini mzee, bendi haikufika. Mimi nilikuwepo.”

Mwenye bucha akaliondoa ini la Mulwa kwenye mizani, akamtazama kwa huruma.

“Pole, ndugu yangu. Kumbe uliondoka mapema.”