Mpiganaji wa Toleo Rahisi

Nilikuwa mwalimu kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo mimi ndiye niliyeamua nani anaweza na nani arudie. Kwa hiyo mtu akinipa karatasi yenye maneno matatu, yameandikwa kwa herufi kubwa kama za darasa la kwanza, naelewa vizuri sana amenipima kiasi gani.

Aliyenipa ni mpwa wangu, binti wa dada yangu. Anafanya kazi Dar, na kila Jumapili huja Bagamoyo kumwona mama yake. Huko Dar alijifunza mchezo wa mezani ambao watu wazima wanakaa, kila mmoja anajifanya mtu wa nchi ya kufikirika, wanapigana na mazimwi kwa maneno matupu, na dadu yenye nyuso ishirini ndiyo inayoamua nani kafaulu. Mpwa wangu ndiye msimulizi. Zimwi likitaka kusema, yeye ndiye anayelisemea.

Wachezaji tulikuwa watatu, sebuleni kwa dada. Kwanza dada mwenyewe, mdogo wangu, fundi cherehani. Kisha jirani yake, karani mstaafu wa forodha, mtu wa swala tano, aliyekubali kukaa nasi baada ya kuhakikishiwa mara mbili kwamba hakuna pesa na kwa hiyo si kamari. Na mimi, niliyekuwa nikitoka Zinga kila Jumapili baada ya adhuhuri, shati limepigwa pasi utadhani naenda kusimamia mtihani.

Dada alipewa mchawi. Akagoma papo hapo. Alisema ana wateja, na mteja akisikia fundi wake ni mchawi hatarudi hata kuchukua gauni lililokwisha kushonwa. Ikabidi mchawi aitwe mjuzi wa nyota, na dada akapokea karatasi kumi na moja za mambo anayoweza kufanya. Jirani alipewa mwizi. Aliomba kwa upole asiandikwe hivyo mahali popote, kwa kuwa alifanya kazi forodhani na wapo watakaodhani si mchezo. Akawa mpelelezi, karatasi tisa. Mimi nikapata mpiganaji wa toleo rahisi. Karatasi moja. Piga. Kinga. Pumzika.

"Hiyo ni kwa wanaoanza, mjomba," alisema mpwa wangu. "Haitakuchosha."

"Na mama yako? Yeye alianza lini?"

"Mama amesoma maelekezo, mjomba."

Ilikuwa kweli. Maelekezo sikuyasoma. Muda huo niliutumia kuwaeleza wenzangu jinsi mchezo unavyochezwa.

Wiki nne nikapiga, nikakinga, nikapumzika. Zamu ya dada ilikuwa ndefu kama foleni ya kliniki. Alipekua, akauliza, akarudi ukurasa wa kwanza, akavaa miwani, akavua miwani, na mwisho wa yote akawasha mshumaa kwa nguvu za nyota. Tukampongeza. Zamu yangu ilikwisha kabla sijakaa vizuri kitini. Ni kweli mimi ndiye niliyeangusha wanyama wengi kuliko wote, lakini hilo halikunifariji hata kidogo. Niliona wivu. Mtu mzima, nina wajukuu, na niliona wivu wa karatasi.

Jumapili ya tano nilimwambia mpwa wangu wazi kwamba nataka karatasi kamili au nabaki Zinga na kuku wangu.

"Basi, mjomba," alisema, "leo mnakwenda kwenye pango la zimwi linalokula mbuzi wa kijiji. Ukitoka hai, nakupa."

Tukafika pangoni. Mpwa wangu akaeleza kwamba kuna mlango wa mbao, umerudishwa tu, na ndani kuna kimya. Alitutazama mmoja mmoja akingoja tuingie kwa kunyata.

"Tupige hodi," alisema jirani.

"Hodi kwa zimwi?"

"Si umesema kuna mlango, mwanangu? Basi ni nyumba ya mtu."

Dada akaafiki. Nami niliafiki, nakiri. Hakuna kati yetu aliyewahi kusukuma mlango wa mtu maishani mwake, na hatukuona sababu ya kuanza uzeeni. Jirani akapiga hodi ya kwanza, akasubiri kwa adabu, akapiga ya pili. Mpwa wangu alipekua daftari lake. Humo zimwi lilikuwa limelala, na mwenye kunyata ndiye anayelipiga kwanza. La hodi halikuandikwa. Akarusha dadu, akaitazama, akavuta pumzi.

"Karibuni," alisema kwa sauti nzito.

"Starehe," tukaitikia wote watatu kwa pamoja, kama wageni waliokuja kwa heri.

Zimwi likauliza habari za tutokako. Tukasema njema. Jirani akaeleza, kwa mzunguko mrefu, kwamba tumekuja kwa ajili ya lile suala la mbuzi. Zimwi likasema ni kweli, ni yeye, na kwamba miaka yote watu huja na mikuki tu, hajapata kuja mtu wa kuzungumza. Likatuomba tukae mkekani, likageuka kwenda nyuma ya pango.

Mambo yalikuwa yanaelekea kwenye suluhu, nami nikaingiwa na hofu.

"Tukiyamaliza kwa mazungumzo," nilimuuliza mpwa wangu, "karatasi naipata?"

"Tutaona, mjomba."

Miaka thelathini na mmoja niliwajibu wazazi "tutaona", na najua maana yake. Zimwi lilikuwa limenipa mgongo.

"Piga," nikasema, nikarusha dadu. Kumi na tisa, pigo la kuua.

"Kaka!" Dada aliinuka kitini. "Amekukaribisha!"

Nilimtazama mpwa wangu, nikitegemea sauti ya ushindi aliyoitoa kila nilipoangusha mnyama. Hakuitoa. Aliinamisha kichwa, akasema polepole kwa sauti ya zimwi, "Nilikuwa naenda kuteleka chai."

Nilijitetea. Nilisema ni zimwi, nikasema mbuzi, nikasema mchezo. Jirani alivua kofia, akaiweka gotini, akawa anaikunja.

"Lakini uliitikia starehe, mwalimu," alisema. "Mpelelezi wangu anarudi kijijini."

"Na mjuzi wa nyota," alisema dada, bila kupekua chochote.

Mpwa wangu ni mtu wa ahadi. Alifungua mkoba, akanisogezea karatasi kumi na mbili, moja zaidi ya za mama yake.

"Umebaki peke yako pangoni, mjomba," alisema. "Maiti ya mwenyeji wako ipo miguuni pako. Unafanya nini?"

Niliona aibu, na haikuwa ya mchezo. Masikio yaliniwaka moto. Nikafungua karatasi ya kwanza, nikakuta namna sita za kupiga upanga. Ya pili ilikuwa ya ngao, na ya tatu tena upanga. Nikaendelea kupekua, ukurasa hadi ukurasa, nikitafuta mahali palipoandikwa jinsi ya kuomba radhi, na mpwa wangu akanisubiri bila kunisaidia.