Migomba Iliyonenepa kwa Mvua

Nilibeba samadi kichwani. Niliibeba asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule, katika kikapu kilichovuja, na maji yake yalinitiririka nyuma ya sikio hadi shingoni. Nalisema hili mapema kwa sababu nimelikana karibu maisha yangu yote. Nililikana mbele ya wanafunzi wenzangu, nikalikana mbele ya mume wangu, na baya kuliko yote, nililikana mbele ya baraza la wazee.

Kilichonifungua kinywa ni harufu. Hivi karibuni nilialikwa kwenye semina, ambako kijana mmoja mwenye tai alitufundisha kugeuza taka za jikoni kuwa mboji. Alipitisha sahani yenye konzi ya mboji ili kila mtu anuse. Wenzangu walinusa kwa heshima, kama watu waliopewa divai ya misa. Ilipofika kwangu nikasingizia kikohozi, nikatoka nje. Ilikuwa harufu ya nyuma ya jiko letu, upande wa Nyakakika, miaka ya hamsini.

Baba alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Alituachia kibanja, shamba la migomba lililoizunguka nyumba. Kibanja kilipoishia, chini ya mteremko, ilianza rweya, nyika ya nyasi tupu, yenye udongo mwekundu na mchoyo. Mama aliamua kuilisha. Maganda ya ndizi, makapi ya maharage, majivu, vyote vilikwenda kwenye lundo. Hata nyasi tulizotandika sakafuni, zikishachakaa na kujaa viroboto, mama alizitoa akazilaza juu ya samadi tuliyopewa na jirani mwenye ng'ombe kwa kubadilishana na ndizi za pombe. Lundo lilifunikwa kwa majani ya migomba, likageuzwa kwa jembe, na asubuhi za baridi lilifuka mvuke kama sufuria ya uji. Likiiva, tulilibeba mimi na mama, kikapu kwa kikapu, mpaka rweya.

"Udongo nao una tumbo," mama alikuwa akisema. "Usiuulize kama umeshiba. Ulishe."

Ulishiba. Palipokuwa na nyasi pakasimama migomba minene kuliko ya kibanja chenyewe, na hapo ndipo baba mdogo alipoanza kututembelea mara kwa mara.

Kwa desturi yetu kibanja ni cha ukoo, na mjane mwenye binti mmoja hana sauti kubwa juu yake. Lakini shamba ambalo mtu amelitoa rweya kwa mikono yake ni lake. Baba mdogo alidai kuwa migomba ile ya chini ilikuwa sehemu ya kibanja cha zamani, ardhi nzuri tangu enzi za babu, na mama aliikuta tu. Mama alisema aliitengeneza mwenyewe kutoka kwenye nyasi. Shauri likaenda kwa mkungu, mkuu wa vijiji vyetu.

Wakati huo mimi nilikuwa na shauri langu mwenyewe. Darasani kwetu kulikuwa na Adela, binti wa karani aliyehamia kutoka Bukoba, msichana mwenye soksi. Kila nilipoingia aliwauliza wenzake kwa upole mkubwa, "Anayekuja ni nani, mtu au zizi?" Nilijisugua kwa majani ya mpera hadi ngozi ikawasha. Harufu haikutoka. Ningetoa kibanja, rweya na mlima mzima ili Adela aniite mtu.

Siku ya baraza mama alinisugua kwa sabuni, akanivika gauni la shule. "Ukiulizwa, sema ulichokiona," akaniambia. Tulipofika nilimkuta karani kwenye meza yake, na Adela kakaa nyuma ya kiti cha baba yake, soksi zikiwa nyeupe.

Wakubwa walibishana mpaka jua likawa kali. Kisha mkungu akaniita mbele.

"Mwanangu, humsaidia mama kazi gani?"

"Kuteka maji, baba. Na kumenya ndizi."

"Na samadi? Umewahi kubeba samadi kuipeleka kule chini?"

Adela aliinua vidole viwili, akavishika puani taratibu, kana kwamba panamwasha tu.

"Hapana," nikasema. "Sisi hatushiki mavi."

Wazee wakatazamana. Mmoja akaniuliza, "Basi migomba ile ilinenepa kwa kula nini?"

"Mvua," nikajibu.

Baba mdogo alijipiga paja akacheka. "Mmesikia wenyewe. Mtoto hasemi uongo."

Akapewa shamba la chini lote. Jioni mama alimenya ndizi kama kawaida, akajaza maganda kikapuni, akanyoosha mikono kunitwisha, kisha akasita. Akajitwisha mwenyewe. Tangu siku ile hakunipa tena kikapu. Nikabaki na jioni ndefu zisizo na kazi, nikazijaza vitabu. Wenzangu chuoni walisomeshwa na kahawa ya mashamba ya wazazi wao. Mimi nilijiona nimesomeshwa na adhabu.

Baba mdogo hakulisha udongo. Migomba ikakonda, majani yakageuka manjano, akamtuma mkewe kuomba maganda na samadi. Mama alikuwa anafagia uani.

"Mwambie shemeji angoje mvua," akasema, akaendelea kufagia. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Ningeweza kuingia ndani ya mtungi.

Kwa miaka yote nilijiliwaza kwamba shauri lilikuwa limekwisha kabla sijafungua kinywa. Wazee gani wagawe ardhi kwa neno la mtoto wa darasa la tatu? Chuo kikuu kiliniongezea maneno ya kujifariji: mila, mfumo, ukoloni. Wote walikuwa na hatia, mimi nikiwa shahidi tu. Lakini baada ya ile semina sikulala vizuri, na jana nikapiga simu kwenye duka lililo jirani na kwa mama. Mwenye duka akaenda kumwita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Mama, siku ile ya baraza, wazee walikuwa wameshaamua kabla ya kuniuliza. Sivyo?"

Nilimsikia mtu dukani akiomba sukari.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nilifikiri tu."

"Hawakuwa wameamua. Mkungu aliniuliza kama nina shahidi. Nikamwambia ninaye mmoja, ninayebeba naye. Akasema, huyo akikubali, shamba ni lako."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ulikuwa unasoma," akasema. "Ningekwambia, ungeweza kusoma?"