Andika Alitafuta

Jioni ya maombi, watu walipokwisha kunywa chai, kaka yangu mkubwa alitusomea wasifu wa marehemu kabla haujapelekwa kuchapishwa. Marehemu ni binti yangu. Nyumba yetu ya mtaani Mbotela ilijaa hadi mlangoni.

"Mwanasayansi," akasoma, "aliyegundua siri ya kuumbwa kwa ulimwengu."

Watu wakapiga makofi.

"Toa hiyo," nikasema. "Hakugundua. Andika alitafuta."

"Alitafuta nini?"

Mimi niliishia darasa la nane na nauza viatu vya mitumba sokoni Gikomba, kwa hiyo nilisema kama binti yangu mwenyewe alivyonieleza kibandani, siku moja tukifungua mzigo mpya. Kila chembe ina mwenzake wa kinyume. Zikikutana zinaangamizana, unabaki mwanga tu. Mwanzoni zilipaswa kuwa sawa kwa sawa, ziangamizane zote, pasibaki hata vumbi. Lakini tupo. Alinyanyua kiatu kilichokosa mwenzake. "Sisi ndio hiki, baba. Kwa nini kilibaki?"

Yeye na wenzake walilinganisha jinsi chembe na kinyume chake zinavyovunjika, wakitafuta tofauti. Kwingine tofauti ilishaonekana, ila ni ndogo mno, haitoshi kueleza kwa nini tupo. Kwenye sehemu yake hawakuona yoyote, na aliandika hivyo hivyo. Nilimwambia pole. Akacheka. "Pole ya nini? Sasa wenzetu wanajua hapo hakuna, watafute kwingine."

Nilipomaliza, kaka yangu hakucheka. "Asome miaka yote hiyo, halafu tuwaambie watu wa kanisa hakupata kitu? Wewe unataka tuaibike?"

"Nataka azikwe yeye, si mtu mwingine."

Siku ya mazishi karatasi zilikuja zimechapishwa kama kaka yangu alivyotaka. Akasimama kando ya jeneza, akasoma, akafika hapo hapo: "Aliyegundua..."

Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu. Hata harusini kwangu nilisemewa. Nilisimama.

"Hakugundua. Alitafuta, hakupata, akasema hakupata. Mliokuja kumlilia, mlilieni huyo."

Kaka yangu aliniangalia kama mtu ambaye angenipiga, lau si jeneza. Ndipo mama anayeuza kando yangu Gikomba, ambaye hana sauti ndogo, akasema kutoka nyuma:

"Mzee, si umesikia? Rudia."

Kaka yangu akainua karatasi, akarudia: "Aliyetafuta..."