Kivuli cha Msumari

Kwenye hospitali moja hapa Elisabethville, mlinzi anapima muda wa kuona wagonjwa kwa msumari uliopigwa kwenye ubao. Kivuli kikifika mstari wa mkaa unaofuata, mgeni anatoka, mwingine anaingia. Jua likifunikwa, hamtoi mtu.

Jumapili nilikuwa kwenye foleni. Mama aliyenitangulia aliingia kwa mumewe, mara wingu likatanda. Nilimwona dirishani akimnyooshea mgonjwa shuka polepole, wakicheka, kama mtu mwenye siku nzima. Jua liliporudi, kivuli kilikuwa kimeshapita mstari. Mlinzi akamwita, naye akaja mlangoni.

"Baba, kivuli iliruka?"

"Hapana, mama. Ilikuwa inatembea tu, chini ya wingu."

Mama alishika nguzo ya mlango.

"Mutoto wetu tulimuzika juzi. Baba yake, bado sikumuambia. Nilisema, wingu iko, wakati iko."

Mlinzi alitazama ubao wake. Kisha akavua kofia, akaufunika msumari.

"Kivuli hakuna," akasema. "Rudia ndani, mama."

Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu, na hakuna aliyenung'unika. Mimi nina saa ya mkononi. Nilishusha mkono wa shati, nikaifunika.