Nyumba Iliyokuwa Mke Mwenza wa Mama

Enzi zetu, sisi tuliokulia Mbozi, asubuhi za mwezi wa saba hazikuwa na huruma. Ukungu ulikaa juu ya mikahawa mpaka saa nne, na sisi tulikuwa tumeshaondoka nyumbani zamani, pekupeku, visigino vimepasuka, mkono mmoja umeshika ufagio wa shule na mwingine dumu la maji. Mchakamchaka ndio uliokuwa sweta letu. Tukitoka shule tulipita shambani kunyonya kahawa mbivu, maana lile ganda jekundu lina utamu wake. Vijana wa leo hawaujui. Wao wanaijua kahawa ya kwenye kikombe cha karatasi, yenye povu juu, na wanaipiga picha mpaka inapoa. Jioni ilikuwa rede, kombolela na kuruka kamba, mpaka mama aite mara ya tatu. Mara ya tatu hukuthubutu kujifanya hujasikia.

Popote tulipocheza, nyumba ile ilionekana. Ilikaa juu ya kilima, katikati ya shamba kubwa la kahawa, mwendo mfupi kutoka kijijini kwetu, upande wa juu wa Nanyala. Ilikuwa ya mawe na matofali mekundu, paa limeshuka chini karibu liguse madirisha, na dohani mbili ndefu. Aliyeijenga alikuwa Mzungu mmoja ambaye wazee walisema hakutaka kabisa kitu cha kiwandani. Matofali yalichomwa palepale. Bawaba zilifuliwa na wahunzi wetu wa Kinyiha. Milango yote ilichongwa kwa mkono. Hata bustani aliigawa kwa michongoma ikawa na vyumba vyake: hapa waridi, pale maua meupe matupu, kule kibwawa cha samaki, na katikati njia za matofali zilizosukwa kama ukili. Huyo Mzungu aliondoka kabla sijazaliwa, na shamba likapita mikono mingi. Lakini mtu mmoja hakuondoka pale, naye alikuwa baba yangu.

Baba aliingia kwenye nyumba ile akiwa kijana, msaidizi wa seremala. Seremala alipozeeka akabaki yeye. Alikuwa fundi, mtunza bustani na mshika funguo, vyote kwa pamoja. Wenye shamba walibadilika, wageni wakubwa walikuja wakalala wakaondoka, baba akabaki na randa yake na mkasi wake wa maua. Aliondoka nyumbani jua halijatoka na alirudi tukiwa tumeshakula.

Mama ndiye aliyelitoa lile jina. Baba alikuwa mzee wa kanisa, hawezi kuoa wawili, basi mama akasema ameoa nyumba. Aliiita mke mwenzangu, mbele yetu na mbele ya wageni. Ukimuuliza baba yuko wapi, anakujibu bila kuinua macho kwenye sufuria, "Yuko kwa mwenzangu." Baba akirudi, shati lake lilinukia nta ya nyuki aliyokuwa akipaka milango na sakafu za kule. Mama alilinusa kwanza ndipo alitie kwenye beseni. "Leo amejipaka yale mafuta yake," anasema. Majirani walicheka, na mama mwenyewe alicheka. Lakini wanawake wengine wa kijiji walipokwenda kule kuchuma kahawa na kuangalia maua, yeye hakwenda hata siku moja. Wakimuuliza kwa nini, anasema, "Kwani yeye ameshakuja kunisalimia mimi?"

Ugomvi wote ulikuwa juu ya mlango. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali mabichi, na mlango wake wa mbele ulikatika bawaba ya juu nikiwa sijaanza hata shule. Ukitaka kuufunga, unauinua kidogo kwa mkono, halafu unausukuma kwa goti. Wageni tuliwajua hapo, maana walisukuma wee mpaka mtoto mmojawapo aende kuwasaidia. Wakati wa baridi upepo uliingia chini, mama akaziba kwa gunia. "Jumamosi nitautengeneza," baba alisema. Jumamosi ikifika, mvua imeingia dirishani kule, au kuna wageni wanakuja, au waridi zimepata wadudu. Anachukua randa na patasi, anatoka. Mama anamsindikiza mpaka uani na maneno yaleyale: "Mwambie na mimi nina mlango."

Mimi nami nilikuwa na wivu wangu, na ulizaliwa siku niliyompelekea baba chakula. Nilikuwa darasa la tano. Watoto hatukuruhusiwa kuvuka geti, lakini siku hiyo hakukuwa na mgeni, baba akanifungulia mlango wa mbele. "Futa miguu kwanza," akaniambia, kwa sauti ya upole ambayo nyumbani hatukuizoea. Ndani mlikuwa na ubaridi na ile harufu ya mashati yake. Mwanga uliingia kwenye vioo vidogo vidogo ukakatika vipande sakafuni. Pale dirishani palikuwa na benchi lililojengewa ukutani, la kukaa tu na kutazama waridi. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna watu wanajengewa mahali pa kukaa na kutazama maua.

Baba akachuchumaa kwenye mlango wa chumba kikubwa. Akaniambia ni mninga, na kwamba chini uliliwa na mchwa, akakata sehemu iliyooza na kuunga kipande kipya. "Haya, nionyeshe kiungo kiko wapi." Nikapitisha macho, nikapitisha vidole, sikukiona. Akacheka. Alicheka kwa furaha ambayo nyumbani kwetu sikuwahi kuiona, akapitisha kiganja pale kwenye ubao polepole. Mimi asubuhi nilikuwa nimekula maandazi, na vidole vyangu vikaacha mafuta kwenye mninga. Baba akatoa kitambaa mfukoni haraka. Nikanyoosha mkono nikidhani atanifuta mimi. Akafuta mlango.

Nasema wazi, niliona wivu. Nilitamani anitazame mimi jinsi alivyokitazama kile kiungo. Nilitamani niliwe na mchwa, anichuchumalie.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa anasonga ugali. Aliuliza bila kugeuka, "Anafananaje?" Nikamwambia ana milango mingi na yote inafungika. Akaendelea kusonga, na siku hiyo ugali ulikuwa mgumu sana.

Baba alifariki wakati wa masika, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Mlango ulikuwa haujatengenezwa. Kaka yangu Festo, aliyekuwa ameanza kupata riziki, alinunua mlango wa chuma Tunduma, mpya, wa rangi ya bluu, akauleta mpaka uani pamoja na fundi. Mama aliwapa chai, akawashukuru, akakataa. "Mwenye kazi yake alisema Jumamosi," akasema. Ule mlango wa chuma uliegemezwa ukutani nyuma ya jiko, na mpaka leo kuku wanatagia nyuma yake. Festo alinung'unika mwaka mzima.

Miaka ikaenda. Mimi nikahamia Tunduma, nikafungua biashara ya vitenge karibu na mpaka, na Wazambia ndio wateja wangu wakubwa. Nyumba ile nayo ilikaa imefungwa muda mrefu, nikasikia imeanza kuota nyasi, na moyoni sikuhuzunika. Halafu wakaja wenye shamba wapya, wakaikarabati, wakaifungua kwa watalii na watu wa harusi. Leo unalipa getini, unaingia, unakunywa chai bustanini. Mahali ambapo sisi tulichungulia kwenye michongoma na kurudi na mikwaruzo, vijana wanaingia na viatu vyao vyeupe na hakuna anayewaambia wafute miguu.

Binti yangu Upendo alikwenda kule kupiga picha za harusi yake. Akaja kunionyesha kwenye simu, "Mama, pale ni pakali, yaani mandhari imetulia." Mandhari yenyewe hawakuitazama. Katika picha zote wameipa mgongo, wanatazama simu. Kwenye picha moja Upendo ameegemea mlango wa mninga, mgongo mzima, na poda yake na mafuta yake, anacheka. Hakuna aliyekuja na kitambaa. Nilimwonea wivu mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Mama alikuwa ameketi karibu. Akaomba simu, akaishika mbali na macho yake. Akatazama kwa muda.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, mama."

Akanirudishia simu. "Nipeleke," akasema.

Nilimletea kitenge kipya kutoka dukani kwangu, cha nta, rangi ya machungwa. Akatoa hereni alizovaa siku ya ndoa yake. Nilipomletea kandambili kwa sababu miguu yake huvimba, akazisukuma pembeni. "Siendi kwa mwenzangu na kandambili."

"Mama, ile ni nyumba."

"Najua ni nyumba. Kwani nimekuambia nimechanganyikiwa? Lete viatu."

Getini tulipokewa na kijana mmoja nadhifu, kazi yake kuzungusha wageni. Alimwamkia mama vizuri, akampa mkono wa kushikilia kwenye ngazi. Akaanza kutueleza jinsi kila kitu pale kilivyotengenezwa kwa mkono.

"Mkono wa nani?" mama akauliza.

"Mafundi wa hukuhuku kwetu, bibi."

Mama akatikisa kichwa kukubali, wakaendelea. Alitembea bustanini mikono ameifunga nyuma, hagusi kitu. Alipita kwenye waridi, akapita kwenye maua meupe, akasimama kwenye kibwawa, akauliza kama wale samaki wanaliwa. Tulipoingia ndani ndipo nilipomwona mama yangu halisi. Alikagua pembe za dari. Alitazama chini ya meza. Akapitisha kidole juu ya fremu ya dirisha, akanionyesha vumbi, na uso wake ukapata nafuu kidogo.

Halafu tukafika kwenye mlango wa mninga. Mama akausukuma kwa kidole kimoja. Ukaenda taratibu, ukajifunga wenyewe, bila mlio. Akaufungua. Akausukuma tena kwa kidole kilekile. Yule kijana alitaka kusema jambo kuhusu wageni na milango, akamtazama mama, akaamua kutusubiri nje. Nikamwambia mama kwamba pale chini kuna kiungo cha baba. Akajishikiza kwangu akachuchumaa, yeye na magoti yake yale, akapapasa ubao kwa vidole vyake vyote. Akapapasa tena. Hakukiona.

"Kumbe alikuwa anaweza," akasema.

Hakusema kwa hasira. Alifuta macho kwa ncha ya kitenge kipya, akaniomba nimwinue. Mimi nilisimama pale nikiwa na hasira kwa niaba yetu sote wawili, maana yeye ilikuwa imemwishia. Niliutazama ule mlango kama mtu unavyomtazama aliyerithi kila kitu. Mikono ya baba iko pale, kwenye mninga, kwenye fremu, kwenye waridi alizozipogoa miaka yote, na watu wanalipa kuiona. Sisi alituachia Jumamosi.

Tulirudi, malori yamepanga foleni kuelekea Tunduma mpaka unachoka kuyatazama. Kijijini kwetu sasa kila nyumba, ukitoa ya mama, ina mlango wa chuma. Inatoka kwa fundi mmoja, rangi moja, inafungwa kwa kishindo kimoja. Zamani ukiwa kitandani ulijua nani ametoka na nani ameingia kijiji kizima, maana kila mlango ulilia kwa namna yake na ulimjua aliyeuchonga. Wajukuu zangu hawajui nani alichomelea mlango wao, wala hawajawahi kumsubiri mtu autengeneze. Nikiwaeleza kwamba mtu anaweza kuonea wivu nyumba, wanacheka na kuniuliza kama nimekunywa dawa. Wao wanaoneana wivu wa simu. Sawa, simu mtu unaweza kuinunua ukapona. Mimi nyumba ile nimeshaingia, nimekaa hata kwenye benchi lake la dirishani, na wivu haujanitoka. Ningetoa mzigo mzima wa vitenge baba arudi Jumamosi moja tu na randa yake, apite getini kule bila kugeuka, aje kwetu.

Tulipofika, mama alikataa nimsaidie. Akauinua mlango wake, akausukuma kwa goti, akaingia. Akavua viatu, akavua hereni akazifunga kwenye kitambaa. Nikamletea chai na magimbi. Alikunywa nusu kikombe ndipo aliponitazama.

"Ni mzuri," akasema. "Simkatalii. Hata mimi ningekuwa mwanaume ningechelewa kurudi."

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, polepole, kama anayepapasa ubao kutafuta kiungo.

"Lakini hakumzalia."

Akachukua gimbi, akalimenya, akanipa nusu. Upepo wa kilimani ulikuwa umeanza kuingia.

"Haya, funga mlango wa baba yako," akasema. "Baridi hiyo."

Nikauinua kidogo, nikausukuma kwa goti.