Kaboni za Mashine ya Msasa

Baba yangu alikuja karakana kwangu Pasiansi Jumamosi moja na kuagiza jeneza lake. Alikuwa haumwi. Alisema ameona watu wengi wakizikwa kwenye mbao mbovu, na yeye hataki kuchaguliwa mbao na watoto wanaolia. Kati ya watoto wake ni mimi niliyerithi useremala wake, kwa hiyo kazi ikaniangukia.

Mbao zilikuwa zake mwenyewe, mninga aliouficha chini ya kitanda tangu alipostaafu. Alilala juu yake na viatu vyake ili nimpime. Nikamwambia avue. Akaniuliza kama nina mpango wa kumzika peku. Mama aliposikia alisema huo ni uchuro na hataki kuusikia nyumbani kwake, kisha akauliza kama ndani tutaweka kitambaa cheupe au cha zambarau.

Nikaunga mbao, sanduku likasimama. Ikabaki kulainisha kwa msasa na kupiga vanishi. Moyo wangu ulikuwa mzito jamani. Kila nikiligusa lile sanduku nilijiona namsindikiza mzee wangu mlangoni kabla hajaaga. Nilimwambia basi nitasugua kwa mkono, taratibu. Akakataa.

"Nimesugua kwa mkono maisha yangu yote," alisema. "Hili la kwangu lisuguliwe na umeme."

Mashine yangu ya msasa haina shida ukiiheshimu. Unakung'uta mfuko wa vumbi kabla haujajaa, unapuliza matundu ya mota, huikandamizi kama unakanda chapati. Ila wiki ile wadudu wa ziwani walikuwa wamepanda, wale wadogo wanaotoka majini kama moshi na kuingia mpaka kwenye chai, na feni ya mashine ikawavuta. Ikaanza kunguruma na kunuka dagaa walioungua. Niliifungua, nikatoa uji mweusi wa wadudu, nikapuliza, ikapona. Baba alikuwa kwenye stuli akinielekeza kwa fimbo: hapo, siyo hapo, hapo. Nilipokwenda kula alibaki kuilinda.

Jumatatu nikaiwasha. Kimya. Waya mzima, swichi nzima. Nikafungua kwenye kaboni, vile vipande viwili vyeusi vinavyogusa mota inayozunguka na kuipa umeme. Upande mmoja ipo. Upande wa pili hamna kitu, na kifuniko kimerudishiwa vizuri kabisa kwa bisibisi.

Kaboni huisha, na kaboni huvunjika. Sijawahi kuona kaboni inayotoka na kufunga mlango nyuma yake.

Jirani yangu ni fundi makochi na bisibisi zake anaziacha popote. Nikamfuata.

"Kaboni yangu iko wapi?"

"Dada, mimi natumia gundi na misumari. Kaboni nitaipeleka wapi?"

"Utajua mwenyewe."

Tukaacha kusalimiana. Nikanunua nyingine mjini, nikaifunga, ikafanya kazi. Jumamosi baba akaja, akakaa, akalinda mashine nilipokwenda kula. Jumatatu, kimya tena. Nilimwambia jirani maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Akanijibu kwamba labda hilo jeneza lenyewe halitaki kuisha. Nikamwona mjinga.

Kesho yake mama akaja karakana, pembe ya kanga yake imefungwa fundo. Akalifungua mbele yangu.

"Hivi vidude vinanichafulia mashati ya baba yako," alisema. "Kila nikifua nakuta kimoja mfukoni. Ni vya nini?"

Zilikuwa kaboni zangu, zote mbili.

"Baba anasemaje kuhusu jeneza?" nikamuuliza.

"Anasema wewe fundi gani, hilo jeneza mwaka huu haliishi. Halafu anaongeza ugali."

Mama alikaa kwenye benchi, mimi nikakaa kwenye stuli ya baba. Kumbe mzee hakuwa na haraka. Alikuwa ameagiza jeneza kwa ujasiri wake wote, akaliona limesimama, akaogopa, na hakujua aanzie wapi kuniambia niache. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo akaniona nalia pembeni ya jeneza, akasimama, akanipa pole ya msiba. Nikaipokea.

Nikamwambia mama azirudishe kaboni kwenye shati, mfuko uleule, na asiseme kitu. Halafu nikaenda kumwomba jirani radhi. Alinihutubia kwa muda mrefu kuhusu gundi na misumari kabla hajanisamehe.

Jumamosi baba akaja kama kawaida.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mashine imepona?"

"Bado. Kaboni tena."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mashine za siku hizi."

"Ndiyo hizohizo, baba."

Akavuta stuli, akaligeuzia mgongo jeneza lake, akaniuliza leo tunakula nini.